Tupeane uzoefu: taa za fulu zilipokusumbua usiku barabarani

Mkazi wa Mikindani
Ndugu zangu, juzi usiku nilitoka Lindi kurudi Mtwara, na nilipoiacha njiapanda ya Mnazi Mmoja nikaona taa za gari zinapanda fulu, yaani mwanga wa mbali, na kushuka zenyewe, ilhali mkono wangu haujagusa kijiti cha taa. Lori lililotoka mbele lilinimulika mara tatu, nami nilikuwa na hakika kwamba niko kwenye dimu, yaani mwanga wa chini. Gari nimelinunua mwezi uliopita, limetoka Japani, na kitabu chake ni Kijapani kitupu. Aliyepitia haya anisimulie alifanyaje.

Fundi umeme, Masasi
Gari lako ni zima, kaka. Tazama dashibodi: alama ya buluu inaonyesha kwamba fulu imewaka, na ile yenye herufi A inaonyesha kwamba umeliachia gari liamue lenyewe. Juu ya kioo cha mbele, karibu na kile cha kutazamia nyuma, kuna kamera ndogo inayotafuta taa za anayekuja, na ikimwona inashusha. Kioo kikiwa na vumbi mahali hapo, inachelewa kumwona. Zungusha swichi ya taa itoke kwenye AUTO, upandishe na kushusha kwa mkono wako.

Mama wa Tandahimba
Vumbi hilo kwetu ni salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Alfajiri moja, msimu wa kupulizia mikorosho, niliingia na fulu kwenye wingu lililokuwa linavuka barabara, nikaona ukuta mweupe tu. Niliposhusha dimu ndipo nikaiona lami.

Dereva, Newala
Mmenikumbusha usiku ambao sipendi kuusimulia. Nilikuwa nateremka kutoka Newala kwenda Masasi na pikapu ya milango minne, yenye globu zile za nyuzi mbili, mmoja wa dimu na mwingine wa fulu. Kiti cha nyuma alilala binti mgonjwa, mama yake amempakata kichwa. Kwenye kona ya pili nikapandisha fulu, na papo hapo taa zote mbili zikazimika. Sikukanyaga breki kwa nguvu kwa kuogopa kuyumba. Nilikirudisha kijiti, dimu ikawaka, nikaona kwamba tairi la kushoto limeshaacha lami na mawe madogo yanaporomokea bondeni. Nikaenda hivyo hadi Masasi kwa gia ya pili, na mama yule hakutamka neno. Asubuhi fundi alipochomoa soketi, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugandamana na miguu ya globu, na harufu yake ilibaki vidoleni mwangu hadi mchana. Aliyenitangulia kulimiliki gari alikuwa amefunga globu za wati 100 mahali palipotengenezewa wati 60. Kwa volti 12, wati 60 zinavuta ampea 5, na wati 100 zinavuta zaidi ya 8, kila taa, kwa waya ule ule mwembamba.

Kijana wa Liwale
Pole sana, kaka. Binti alifika?

Dereva, Newala
Alifika, na sasa ana watoto wawili.

Muuza vipuri, Mtwara mjini
Ndiyo maana nawashauri watu wafunge globu za LED. Zinatumia wati chache na haziyeyushi soketi.

Mwalimu, Nyangao
Bwana, hizo LED ndizo zinazotupofusha. Juzi nilisimama pembeni kabisa kwa sababu ya gari lililokuwa kwenye dimu, na bado macho yalinitoka machozi.

Muuza vipuri, Mtwara mjini
Unazilaumu bure, Mwalimu. Wenye gari hawataki kushusha.

Mwalimu, Nyangao
Nimekwambia lilikuwa kwenye dimu.

Fundi umeme, Masasi
Kuhusu soketi muuzaji amesema kweli, lakini kuhusu macho namuunga mkono Mwalimu. Kiakisi cha taa ya zamani kimechongwa kufuata mahali uzi wa globu ulipokaa. Ukiweka LED ambayo mwanga wake hautoki mahali hapo, unatawanyika hadi usoni mwa watu. Na ikiwa fulu imekufa upande mmoja tu, anza na globu na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) wa upande huo. Zikifa zote mbili, kagua fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi kabla ya kununua globu.

Mzee wa Kilwa
Msisahau mzigo, wanangu. Ukipakia magunia ya korosho nyuma, pua ya gari inainuka na dimu inapiga kama fulu. Gari nyingi zina kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Ukipakia, kipandishe namba ili taa zishuke. Taa zikiwa njano, mimi huzisugua kwa dawa ya meno.

Muuza vipuri, Mtwara mjini
Mzee, shikamoo. Dawa ya meno inang'arisha wiki chache tu, njano inarudi.

Mzee wa Kilwa
Marahaba. Kwangu imekaa msimu mzima.

Mkazi wa Mikindani
Nimefuta kioo kwa maji na sabuni. Mahali pa kamera palikuwa na utando wa vumbi ulioachia kitambaa doa la njano. Kesho usiku narudi Lindi, na swichi nimeshaitoa kwenye AUTO.