Mjadala: Bodi shepa zinauza aibu, au tushone zetu hapa Arusha?

Wadau wa Arusha na Moshi, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa namjaribisha binti mmoja gauni lake la sendofu kwenye kibanda changu Ngarenaro. Amekuja na mama yake mdogo. Gauni limekaa, binti anajigeuza mbele ya kioo, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumpatia bodi shepa, ile nguo ya ndani ya kubana mwili. Mama mdogo akamkatiza: "Hizo ni nguo za kudanganya watu. Mwili wako ndio huohuo." Binti akanyamaza, akavua gauni. Niliumia, na sikusema kitu kwa kuwa mama wa watu ni mkubwa kwangu. Nasema hapa.

Wanaozichukia nguo hizi hutaja Spanx, kampuni ya Marekani inayoziuza, kwamba imetajirika kwa kuwafundisha wanawake kuchukia matumbo yao. Mimi ni fundi cherehani, na nikisoma ilivyoanza naona jambo jingine. Mwanzilishi wake, Sara Blakely, alikuwa akiuza mashine za faksi, kazi ya kubisha hodi mlango kwa mlango. Ana suruali nyeupe nzuri, lakini kila nguo ya ndani anayovaa inachora mstari. Akachukua taiti za nailoni, akakata nyayo, akavaa. Suruali ikakaa. Yeyote aliyewahi kushona suruali nyeupe ya kitambaa chepesi anaelewa alichokuwa anatafuta: mstari ndio uliomsumbua, tumbo halikuhusika. Hiyo ni shida ya ushonaji.

Mtaji wake ulikuwa akiba ya dola 5,000. Alinunua kitabu akajifunza kuandika maombi ya hataza, haki ya mbunifu kulinda ubunifu wake. Viwanda vya soksi kule North Carolina vikamkatalia kimoja baada ya kingine, mpaka mwenye kiwanda mmoja akawasimulia binti zake nyumbani. Wao wakamwambia wazo hilo lina maana, naye akampigia simu. Wanaume wenye mashine walikuwa na uzi, wana mafundi, wana miaka mingi kwenye kazi, ila hawajawahi kuivaa nguo wanayoitengeneza. Mwaka 2000 Blakely akaingia Neiman Marcus, maduka ya kifahari ya Marekani, kwa kumpeleka mnunuzi wao msalani na kumwonyesha suruali ilivyo kabla na baada. Mwaka huohuo mtangazaji wa televisheni Oprah Winfrey akaitaja nguo hiyo kati ya vitu anavyovipenda. Mwaka 2012 Forbes ikamwingiza kwenye orodha ya mabilionea, na 2021 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ikanunua sehemu kubwa ya kampuni iliyothaminiwa dola bilioni 1.2. Miaka yote hiyo katikati hakuwa amechukua pesa ya mwekezaji wa nje.

Sasa turudi kwetu. Sidiria na chupi za mitumba Shirika la Viwango, TBS, limezikataza, na limefanya vema. Kwa hiyo anayetaka bodi shepa ananunua mzigo wa China uliopitia Kariakoo. Mzigo huo haujui nyonga zetu. Ukichukua inayopita kwenye nyonga, kiunoni inapwaya. Ukichukua ya kiuno, inajikunja kama mkeka kabla hujamaliza kula keki. Nimewafungulia wateja wangu wawili zipu ukumbini, wanashindwa kupumua. Na ile rangi wanayoiita ya ngozi, ni ngozi ya nani? Chini ya gauni la lesi inaonekana kama bandeji.

Arusha hii ina kiwanda cha nguo cha Sunflag tangu miaka ya 1960. Ina A to Z pale Kisongo, wanaofuma vyandarua kwa mamilioni. Naomba mnijibu: kwa nini nguo hii tusiishone wenyewe, kwa vipimo vyetu?

Mama wa Njiro

Binti yangu, umeisimulia Spanx vizuri, lakini umeacha nusu ya pili ya biashara hii. Skims, kampuni ya bodi shepa ya Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, ilianza 2019, na kufika 2023 ilithaminiwa dola bilioni 4. Hiyo haikuanza na mstari wa suruali. Inauza umbo la mwenye kampuni. Binti zangu hawaulizi nguo itakaaje, wanauliza watafananaje na yule. Mimi nimelelewa Marangu. Nilipojifungua, bibi alinifunga tumbo kwa khanga, nikakandwa, nikanywa mtori, na hakuna aliyeniambia mwili wangu una kosa. Ninalolipinga ni hilo, binti wa miaka 16 kuona tumbo lake kuwa deni analopaswa kulilipa.

Muuguzi, Moshi

Shikamoo mama. Naongeza la kiafya tu, kwa kuwa nakutana nalo. Nguo hizi haziyeyushi mafuta. Ukiivua, mwili unarudi ulivyokuwa. Ikibana kupita kiasi inasukuma asidi ya tumbo juu, unapata kiungulia, na ikikandamiza mshipa wa fahamu pale kwenye kinena, paja linakufa ganzi au linachoma. Aliyejifungua kwa upasuaji asivae bila kumuuliza daktari wake. Kuivaa saa chache za sherehe sina ugomvi nako. Kulala nayo, hapana, na wapo wanaolala nayo.

Mfuma nguo, Themi

Dada fundi, wazo lako nalipenda ila mashine hazitaniwi. Kufuma chandarua si kufuma kitambaa kinachovutika na kurudi. Uzi wenyewe, spandeksi, ulibuniwa na kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani mwaka 1958 na unatokana na mafuta ya petroli. Pamba ya Simiyu haikupi uzi huo. Utaagiza kutoka nje, utalipa ushuru, halafu ushindane na mzigo unaouzwa shilingi 15,000 mtaani. Mteja wako atalipa mara mbili kwa sababu umemshonea Arusha? Hapo ndipo pa kujadili.

Muuzaji, Memorial Moshi

Atalipa, kaka. Mimi nauza hizo za 15,000. Mama akishadhalilika mara moja ukumbini, nguo ikipanda mpaka chini ya kifua mbele ya wakwe, harudi tena kwa bei. Ananiuliza kama ninayo ambayo haipandi. Sina. Ningekuwa nayo ningeiuza 40,000 leo hii.

Mwanzisha mada

Mama wa Njiro, shikamoo, na asante kwa kuninyoosha. Khanga uliyofungwa ni nguo ya kubana mwili. Tofauti ni kwamba aliyekufunga alikuwa bibi yako, na alikufunga ili upone. Ndiyo hasa ninayoitaka irudi mikononi mwetu. Lakini la binti wa miaka 16 umenishinda, na nakubali: sitamshonea mtoto wa shule, hata mama yake akiniomba.

Muuguzi, nitauliza kila mteja kama ana mshono wa upasuaji, na sitabana nguo kiasi cha mtu kushindwa kukaa na kula.

Kaka wa Themi, una haki kuhusu uzi, na sitajidanganya kuanza na kiwanda. Nitanunua kitambaa kilichokwisha kufumwa, nikikate mwenyewe. Overloki ninayo, bado mashine ya kushona mshono bapa usioumiza ngozi. Halmashauri inatoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Tuko mafundi watatu Ngarenaro, tunahitaji wengine wa kukamilisha kikundi.

Dada wa Memorial, Jumamosi napanda basi la asubuhi nakuja Moshi na tatu za kwanza, za rangi ya kahawia iliyoiva, kiuno kimekatwa mbali na nyonga na kuunganishwa. Niwekee wateja wawili wenye nyonga pana wanaopenda kusema ukweli. Wazivae, wakae chini, wale ndizi sahani nzima, halafu wasimame tuone kama inapanda.