Vijiti vya kuchomelea aluminiamu vya enzi za babu, halafu naambiwa "dogo, aluminiamu haishiki kutu"!

Wakuu nimetoka pale sasa hivi mikono inatetemeka kwa hasira. Simtaji, yule fundi wa kuchomea aluminiamu pale Gerezani, Dar, mnamjua wote. Nimempelekea sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) ya aluminiamu imepasuka maana mashine yangu inachoma chuma tu, jamaa anainama uvunguni mwa meza anatoa vijiti vimelala humo tangu bandari inajengwa, havina mfuko, vimeota weupe kama muhogo wa kukaushwa. Nikamwambia kaka, hivyo angalau vipige stilwulu ving'ae halafu vifute na asetoni. Akaniangalia juu mpaka chini: "Dogo, aluminiamu haishiki kutu."

Haishiki kutu!! Na dogo mwenyewe nina watoto watatu!

Ule weupe ndo kutu ya aluminiamu yenyewe, na unashika unyevu, na Dar hii hata chumvi inalia ndani ya kopo. Ukipiga moto maji yanaachia haidrojeni, aluminiamu ikishayeyuka inaifakamia, ikianza kuganda inaitema, ndo vile vitundu. Weldi imetoka kama kitumbua! Nimepima na mafuta ya taa yanachuruzika kama bomba la DAWASA lililopasuka. Namuonyesha, anarudia tena mbele ya vijana wake wote, "dogo, aluminiamu haishiki kutu." Na elfu arobaini yangu hajarudisha.

Mzee wa Mtungi: Watoto watatu na unaenda kwa fundi mikono mitupu? Mi nabeba vijiti vyangu vya 4043 vya aluminiamu, pakiti nafungua mwenyewe.

Binti Kuchele: "Dogo aluminiamu haishiki kutu" 😂😂😂 naiprinti kwenye tisheti

Spana 14: Sampu uliitoa oili vizuri? Oili nayo inaleta vitundu hivyo hivyo, usimsingizie mtu.

Mleta uzi: NIMEIFUA SIKU MBILI! Petroli, kisha sabuni! Vijiti vile havifai hata kuchokolea meno!

Kibao cha Mbuzi: Afadhali wewe umechomewa. Mi nimeuziwa mtungi wa agoni, gesi ya kuchomelea, kufika site geji imelala sifuri.

Mzee wa Mtungi: Wa pale karibu na sheli? Hata mimi!! Siku moja nimeurudisha kaniambia nimevuta hewa njiani

Mama Swaumu: Mafundi wote baba yao mmoja. Wa cherehani kanikatia gauni la sendofu mkono mmoja mfupi, sherehe kesho.

Binti Kuchele: Kitambaa gani shoga, kilibaki?