Ushauri wa ndoa kwa video: mmoja Leeds, Uingereza, mwenzake Nkuhungu, Dodoma

Kutoka: Mkulima wa Zabibu, Leeds

Mbukwenyi wote. Niko huku mwaka wa pili, natunza wazee, zamu nyingi ni za usiku. Mama watoto yuko Nkuhungu na watoto, na mama yangu mzazi anakaa nao. Siku hizi tukipigiana tunaongelea ada na luku, basi. Wiki iliyopita nikamuuliza ana nini, akasema "nina mawazo tu", akakata simu. Nimeona programu moja ya ushauri wa wanandoa, unalipa kwa mwezi, mnakutana na mshauri kwa video, na ukiandika Kiswahili inajitafsiri yenyewe. Kuna aliyewahi kuitumia? Nisije nikatupa hela.

Kutoka: Shemeji wa Kizota, Leicester

Mkuu, mimi nimelipia kitu cha aina hiyo miezi minne.

Tuanze na hiyo tafsiri. Mke wangu aliandika "nina mawazo mengi", maneno yaleyale ya shemeji yetu. Mashine ikamfikishia mshauri kwamba huyu mama ana maoni mengi ya kutoa. Mshauri, Mwingereza mpole kabisa, akampongeza na kumwomba ayaorodheshe. Mke wangu akaniuliza, "Huyu ananidhihaki?"

Halafu saa. Mshauri aliandika 9 usiku, ikageuzwa "saa tisa". Mke wangu akamsubiri saa tisa alasiri, hakuna mtu. Saa tatu usiku mshauri yuko hewani, mke wangu kalala. Ikaandikwa hakutokea, na hela ikakatwa yote. Angalia pia mwisho wa Oktoba huku saa zikirudishwa nyuma: Dodoma wanatutangulia saa tatu badala ya mbili. Mwambie mkeo kwa Kiswahili, "saa tatu usiku, watoto wakishalala", usiachie kalenda ya simu.

Hayo ni madogo. Tulipochoka na mashine nikaanza kutafsiri mwenyewe, na hapo ndipo nilipoharibu. Mke wangu akasema, "Mwambie tangu aondoke mimi ni mlinzi wa nyumba ya mama yake." Nikatafsiri: anasema anaishi vizuri na mama. Nilijiambia si uongo, nafunika tu, maana mtu anamsemaje mama mkwe mbele ya mgeni? Nikaendelea hivyo, nakata hapa, napaka sukari pale. Nilisahau kwamba yeye naye kafika kidato cha nne. Kikao cha tatu akamgeukia mshauri na kusema mwenyewe, kwa Kiingereza chake, kwamba huyu hasemi ninachosema. Mshauri akaweka kalamu chini. Mimi nikajifanya mtandao umekata.

Kwa hiyo usimtafsirie mkeo, hata kama Kiingereza chako ni cha bungeni.

Sasa tuna mshauri Mtanzania, yuko hapohapo Dodoma. Mke wangu anamfuata ana kwa ana, mimi naingia kwa video, na kila mmoja alisikilizwa peke yake kwanza. Swali lake la mapema lilikuwa, "Mshenga wenu ni nani, na bado mnaelewana naye?" Yule wa programu aliposikia habari za mshenga alituonya tusiingize watu wa nje. Mtu aliyepeleka posa na kuhesabu ng'ombe wa mahari ni wa nje? Huyu wa sasa alitukalisha tukubaliane mshenga aambiwe nini, na nini kibaki kwetu wawili.

Na wewe mwenyewe, mkuu, zamu za usiku mwaka wa pili? Hapa England unaweza kujipeleka NHS Talking Therapies, huduma ya serikali ya ushauri wa afya ya akili, bila kupitia kwa daktari wako. Ni bure, omba mkalimani. Ukizidiwa, piga 111 halafu chagua 2.

Kutoka: Mama Muuguzi (mstaafu), Dodoma mjini

Wanangu, hayo "nina mawazo" msiyapite haraka. Miaka yote niliyofanya kazi sikumbuki mama aliyekuja akaniambia ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Neno hilo liko kwenye mabango. Mtu anakuja na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio. Ukimuuliza "u hali gani" atakujibu "salama, tunamshukuru Mungu", na mgeni ataandika hana tatizo.

Muulize mkeo analala? Chakula kinapita? Kuna siku anaona heri asingekuwepo? Hilo la mwisho akiitikia, asisubiri programu wala mshahara wako, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Najua nikitaja Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili hapa Dodoma, mtacheka, maana mji mzima unalitumia jina hilo kama tusi. Ile hospitali ipo tangu 1927, na watu wanaingia kliniki wanarudi nyumbani siku hiyohiyo, wengine wakiwa na nguo za kazini.

La pili, mwanangu, mkeo ataongelea wapi? Mama yako yuko sebuleni. Nyumba ya bati isiyo na dari, ukikohoa chumbani, sebuleni wanakuambia pole. Akitoka nje akae chini ya mti mwezi wa nane, upepo wa Dodoma utaongea kuliko yeye. Tafuteni nyumba ya rafiki yake, au aende kwa mshauri mwenyewe. Na simu isionyeshe ujumbe juu ya kioo. Nimeshaona mjukuu akimsomea bibi yake ujumbe wa mshauri, tena kwa sauti, akijivunia kusoma.

Kutoka: Binti wa Kondoa, Minneapolis

Shikamoo mama. Kwa walioko Marekani: namba ya kupiga ukizidiwa ni 988, usiku na mchana, na mkalimani anapatikana, sema tu lugha yako. Mimi programu ya kuandikiana ilinisaidia kwa usingizi wangu, siikatai. Ila soma kwanza inafanyia nini maandishi yako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini kampuni ikiwa nchi nyingine, kuifuatilia ukiwa Nkuhungu ni safari.

Kutoka: Mkulima wa Zabibu, Leeds

Shikamoo mama, asante. Jana nilimuuliza kama analala. Akasema saa nane usiku huwa yuko macho anahesabu mabati. Saa nane yao, majira haya ya baridi, ni saa tano yetu, mimi ndiyo naanza raundi. Hilo la heri asingekuwepo nalo nimemuuliza, kasema hapana, akanyamaza, akauliza nani kanifundisha swali hilo. Mama yangu nimemwomba Jumamosi aende Mpunguzi kwa dada, akae siku mbili. Amekubali upesi, anafikiri namtuma akafuate mbuzi. Shemeji wa Kizota, nitumie namba ya huyo mshauri, ila usiiweke hapa.