Kumbi ndogo, maiki shavuni: mnatuharibia tamthilia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mnivumilie.

Hivi mwigizaji anabandikwa maiki shavuni ya nini, kwenye ukumbi ambao wa nyuma kabisa akikohoa wa mbele anageuka? Maonyesho niliyokwenda karibuni mambo ni hayohayo. Mama analia kushoto mwa jukwaa, kilio kinatokea kwenye spika iliyoning'inia kulia, juu ya kichwa changu. Wakiwa wawili unavumilia. Wakiwa sita wanagombana, unabaki kutafuta nani anafungua mdomo, na ukimpata kashamaliza, anasema mwingine.

Bado vituko vya mitambo. Wapenzi wakikumbatiana maiki zinasuguana, tunasikia mkwaruzo. Jasho likiingia, sauti inakatika. Juzi mmoja katoka jukwaani, fundi kasahau kumzima, ukumbi mzima tukamsikia akiuliza maji yake yako wapi huku mwenzake anakata roho. Watu wakaangua kicheko. Na yule anayekufa alikuwa anaigiza vizuri mno, hilo ndilo linaloniuma.

Msinitajie ukubwa wa kumbi. Ukumbi wa Epidaurus kule Ugiriki ni wa wazi, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, unaingiza watu wapatao 14,000, na watu waliigiza humo bila spika yoyote. Wala sisemi ile hadithi wanayosimuliwa watalii, kwamba mnong'ono wa pale chini unaeleweka hadi ngazi ya juu. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, walipima wakakuta si kweli. Kinachofika juu kikaeleweka ni sauti iliyopazwa. Yaani kazi aliifanya mwigizaji, si mawe peke yake.

Wa sasa hapazi. Ananong'ona kana kwamba yuko mbele ya kamera, anageukia pazia, anameza silabi za mwisho, na mwongozaji anamwacha kwa kuwa fundi ataongeza sauti. Fundi naye akiongeza, mnong'ono na ukelele vinakuwa sawa. Mimi nilifuata kusikia mtu akisogea, akigeuka, akiishiwa pumzi. Kama ni sauti ya spika, redio ninayo nyumbani.

Mchezo wa nyimbo wenye bendi sawa, huwezi kushindana na ngoma na gitaa la umeme. (Ingawa waimbaji wa opera wanaipita okestra nzima bila maiki, ila tuyaache hayo.) Nyie mnaorekodi kwa simu huku mwanga unatumulika machoni, uzi wenu nitaufungua siku nyingine.

Angalau andikeni kwenye tangazo kwamba waigizaji watavaa maiki, mtu ajue kabla ya kulipa. Nilipomlalamikia msimamizi mlangoni alinishauri safari ijayo nikate tiketi ya viti vya mbele. Spika zenyewe ziko huko mbele!