Elki, kulungu au pronghoni: kibali kipi cha kujaza friza?

Mchuma_Aurora: Wakuu, habari. Maombi ya vibali vya kuwinda Colorado, Marekani, hufungwa mapema Aprili na bado nababaika. Nataka nyama, si pembe za ukutani. Elki jike, kulungu wa masikio ya nyumbu (nyumbu yule wa punda na farasi), au pronghoni, yule afananaye na swala?

FundiBucha: Mkuu, hujasema kitu. Bunduki gani? Mko wangapi? Friza ya ukubwa gani? Umeshatimiza miezi sita mfululizo Colorado? La sivyo utalipa bei ya mgeni na hesabu yote inageuka.

Mchuma_Aurora: Mkazi, na cheti cha mafunzo ya uwindaji ninacho. Bunduki .243 (kipenyo cha risasi kwa inchi). Niko peke yangu.

FundiBucha: Peke yako! Elki jike ana kilo 220 hivi akiwa hai. Paja moja la nyuma na mfupa wake, kilo 20 na ushee. Ukitoa mifupa yote unabaki na kilo kama 70: safari tatu au nne mgongoni, na huko juu hewa ni nyepesi. Kulungu atakupa 25 hivi, pronghoni 15.

DaZuhura: Mie pronghoni, na sibanduki. Yuko tambarare, humbebi mlimani. Wanaosema nyama yake inanuka walimwacha juani. Chuna papo hapo, jaza barafu kifuani. Tena ule ugonjwa wa ubongo unaokondesha elki na kulungu haujapata kuonekana kwake, maana si wa ukoo wao.

MlimaKwaMlima: Joto ndilo linaloharibu elki pia. Kuna kundi lilipiga dume jioni moja ya Septemba, wakatoa matumbo, wakamwacha na ngozi yake mpaka asubuhi eti usiku una baridi. Baridi ya nje haikufua dafu: ngozi na manyoya yale ni blanketi, na upande alioulalia haukupata hewa kabisa. Asubuhi nyama ya juu safi, kisu kilipofika kwenye kiungo cha nyonga, ute wa kijani na harufu ya choo. Mapaja yote mawili yakatupwa. Chuna upande wa juu, toa mkono, paja, mnofu wa mgongo, kisha geuza urudie. Tumbo huhitaji hata kulifungua. Paja lipasue hadi mfupani, litie mfuko wa kitambaa (nailoni marufuku!), ning'iniza kivulini. Na alama ya jinsia (kiungo kinachoonyesha ni dume au jike) ibaki imeshikamana na nyama, ni sheria.

Kaka_Stockholm: Samahani, mnamsema elki yupi? Huku Ulaya jina hilo ni la yule mwenye pembe bapa kama beleshi.

FundiBucha: Huyo wako Wamarekani wanamwita musi. Sisi tunamsema wapiti, mwenye pembe za matawi.

DaZuhura: Si tumwite ayala tu, kama kwenye Zaburi?

MlimaKwaMlima: Ayala ni ukoo mzima, kulungu wetu wa masikio naye yumo. Na msimkuze sana: elki dume ana kilo 300 na kitu, pofu dume, yule swala mkubwa wa Afrika, hufika 900. Ila pofu pembe zake ni za maisha, elki huangusha zake Machi au Aprili na kuotesha upya.

Mchuma_Aurora: Tumetoka nje ya mada. .243 inafaa?

FundiBucha: Kisheria ndiyo, kwa elki uzito wa risasi usipungue grein 85 (gramu 5.5 hivi). Usizidi mita 200, na subiri akupe ubavu.

DaZuhura: Kwa pronghoni, grein 70 tu!

FundiBucha: Na friza hujatuambia ukubwa wake mpaka sasa.