Peugeot 504 pikapu, kutoka gia nne kwenda tano, naombeni ushauri

Wadau habari, nina 504 pikapu ya marehemu mzee, gia nne tu. Hapa Mombasa mjini haina neno hata nikipakia simenti. Balaa ni safari ya Nairobi, karibu kilomita 480, nikigusa tisini injini inalia mpaka kioo cha mlango kinacheza na mkono unatafuta gia ya tano haipo, mafuta nayo ndo usiseme.

Fundi mmoja ananiambia nitafute gia boksi ya Peugeot 505 yenye gia tano, mwingine anasema propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma, lazima ikatwe. Wa tatu anataka nibadilishe difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, niweke ya mbio zaidi, sasa si nitakwama kupanda mlima wa Mazeras na mzigo? Kuna aliyefanya hii kazi? Klachi ulibakisha ileile?