Vitamini B12 ya mama: tembe, ya chini ya ulimi au sindano?

Nyamasaria2: Wakuu, habari za jioni. Mama ana kisukari, yuko kwa metformini miaka mingi. Siku hizi nyayo zinamfa ganzi, usiku zinamchoma. Kliniki wamempima wakasema B12 iko chini, tununue wenyewe. Kwa kemisti hapa Kibuye nimeonyeshwa aina mbili za B12, sayanokobalamini na methilikobalamini ambayo bei yake ni mara tatu, na ule mchanganyiko wa B1, B6 na B12 "wa neva". Muuzaji anasema sayano ni sumu. Nichukue ipi?

FamasiNaks: Hayo ya sumu ni maneno ya biashara. Sayanidi, hiyo sumu anayoitaja, iliyomo ni chembe ndogo mno, mwili unaitoa kwa mkojo. Dawa yenyewe imetumika miongo mingi na haiharibiki upesi. Methili pia inafanya kazi, ila sioni kwa nini ulipe mara tatu. Cha kuangalia ni kipimo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, lakini metformini inapunguza ufyonzaji wa B12 tumboni. Tembe ya mikrogramu 1,000, hata ikipenya asilimia 1 tu, ni 10 hizo. Ya chini ya ulimi haiishindi ya kumeza.

Mwalimu wa Kakamega: Mimi naona mnaenda haraka na tembe. Ganzi imeshaanza! Shangazi yangu alidungwa haidroksokobalamini, aina ya B12 ya sindano, mwanzoni kila baada ya siku moja, baadaye kila miezi miwili. Neva zikikaa sana bila B12, nyingine hazirudi. Je, mama anayumba akitembea?

Nyamasaria2: Gizani anashika ukuta.

Mwalimu wa Kakamega: Basi arudi kliniki kesho. Aulizie sindano.

FamasiNaks: Hapo nakubaliana na mwalimu. Na metformini asiiache mwenyewe, sukari ikipanda nayo inaumiza neva zilezile. Ule mchanganyiko, geuza pakiti usome B6. Kuna zenye miligramu 200 kwa tembe, na B6 nyingi ya muda mrefu yenyewe huleta ganzi miguuni. Hapo daktari atajuaje ni kisukari, ni B12 au ni dawa? Mgonjwa wa TB kupewa B6 pamoja na isoniazidi ni jambo tofauti, na dozi yake ni ndogo.

Min Otis: Na omena? Sisi tumelelewa nayo.

FamasiNaks: Omena ina B12, maini na mayai pia. Sukuma haina. Ale tu, ila kwa upungufu uliofika hapo omena pekee haitoshi. Asipewe foliki asidi peke yake pia: damu itaonekana nzuri huku neva zinaendelea kuharibika.

Nyamasaria2: Asanteni. Asubuhi tunaenda. Shida ni kwamba mchanganyiko nilishalipia, pakiti sijafungua.

Min Otis: Jaribu kurudisha na risiti, ingawa kemisti wengi dawa ikishatoka kaunta hawaipokei.